Lebo Iliyochelewa Miaka Thelathini na Minne

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, historia hii inasomwa na shemeji yake, kaka wa mjane, si kwa sababu ana sauti nzuri kuliko wengine, bali kwa sababu marehemu mwenyewe alimchagua, na mkisikiliza hadi mwisho mtaelewa kwamba ilikuwa adhabu ndogo ya kishemeji. Aliacha pia agizo kwamba asisomewe maneno matamu yasiyo na tarehe wala mahali, kwa kuwa kitu kisicho na tarehe na mahali, hayo ni maneno yake, ni majani ya kulishia mbuzi. Basi tarehe mtazipata, mahali mtapapata, na maneno matamu yatajipenyeza yenyewe, maana hatuwezi kuyazuia yote.

Marehemu, ambaye ofisini na mtaani alijulikana kama Bwana Lebo, na mvi zilipoingia akawa Mzee Lebo, alizaliwa tarehe 3 Agosti 1952, saa kumi na mbili asubuhi, katika chumba cha pili cha nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha matofali, hatua mia mbili kutoka kwenye shimo la udongo, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa mpiga matofali na mpishi wa shule. Hatua hizo mia mbili alizipima mwenyewe alipokuwa mtu mzima, kwa sababu mama yake alikuwa akisema shimo lilikuwa karibu tu, na neno karibu lilimuudhi maisha yake yote. Shimo hilo naomba mlikumbuke, lilikuwa likijaa maji kila masika, na humo ndimo alimojifunza kuogelea, kukamata vyura na kuchapwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1960 na kumaliza Desemba 1966, akiwa wa pili darasani kwa hesabu na wa mwisho kwa usafi, kwa kuwa mifuko yake haikukosa tope, konokono na mbegu, na siku moja mwalimu wa zamu alipoiamuru itolewe nje, chura aliruka akaingia kwenye dawati la mwalimu mkuu. Akaendelea na sekondari kuanzia Januari 1967 hadi Novemba 1970, alipofaulu mtihani wa kidato cha nne, lakini mwezi huohuo baba yake aliumia mgongo kiwandani, na kijana akarudi nyumbani kushika nafasi ya baba kwenye tanuri la matofali, bila kulalamika, ingawa dada zake wanakumbuka kwamba vitabu vyake vya biolojia hakuruhusu mtu avifunikie sufuria.

Tarehe 1 Machi 1972 aliajiriwa na makumbusho kuwa mfagizi wa ghala la mimea iliyokaushwa, lile jengo refu lenye kabati za chuma na harufu ya dawa ya nondo, na kwa miaka mitatu alifagia huku akisoma kila karatasi iliyoachwa mezani. Mwaka 1975 akapandishwa kuwa mshonaji wa sampuli, yaani yule anayeushona mmea mkavu kwenye karatasi nyeupe kwa sindano na uzi, na mwaka 1981 akawa mkusanyaji kamili, mwenye buti, mbao za kubania mimea, na robota la magazeti makuukuu ya kuifungia, ambayo ofisi ilikuwa ikipewa na posta.

Kwa wale wasioijua kazi hiyo, sampuli haina thamani bila lebo, kile kikaratasi cha pembeni kinachosema mmea umetoka wapi, lini, na umeokotwa na nani. Wakusanyaji wengi huandika lebo jioni wakishaoga, marehemu hakuandika jioni, yeye aling'oa mmea na kuandika palepale, na kanuni yake ilikuwa kwamba mguu haunyanyuki kabla lebo haijakamilika, huku wenzake wakimsubiri garini wakipiga honi. Ndipo jina la Bwana Lebo lilipotoka. Kuna siku alisimama juu ya njia ya siafu, wakaingia kwenye suruali, wenzake wakamwona anatetemeka lakini kalamu haiachi kuandika, na lebo hiyo ipo hadi leo, mstari wake wa mwisho unasema siafu wengi. Dereva wa ofisi aliwaambia watu kwamba kwa Bwana Lebo kikulacho ki nguoni mwako si methali, ni ripoti ya kazi.

Ukutani ofisini kulikuwa na ramani ya mtawanyiko wa mimea na wanyama, na kila kiumbe kilichothibitishwa mahali kilitiwa nukta nyekundu, na mkoa wetu huu, ndugu zangu, ulikuwa mweupe pe. Wageni walidhani hatuna kitu, marehemu akiwajibu kwamba kutokuwepo nukta si kutokuwepo kiumbe, ni kutokuwepo mtu wa kuangalia, kisha akaenda kuangalia. Alipata mmea wa kangaga kwenye mfereji wa paa la stesheni, alipata popo mdogo kwenye dari ya shule, na konokono ambaye vitabu vilisema haishi upande huu kabisa alimkuta bafuni kwa mama mkwe wake, akamwomba mama mkwe asimwage maji mpaka aandike lebo, naye mama akasubiri mlangoni na taulo lake, akijiuliza amemwoza binti yake kwa mtu gani.

Swali hilo lilikuwa na historia. Marehemu alipokuja kwetu mara ya kwanza kujitambulisha, hakuleta maua mabichi kama wachumba wengine, alileta ua kavu lililoshonwa kwenye karatasi, na pembeni lebo yenye tarehe, mahali na saa aliyomwona dada yetu kwa mara ya kwanza, kwenye dirisha la posta. Baba yetu aliligeuza huku na huku akauliza kama kijana ameleta posa au mboga. Lakini dada yetu, ambaye ni mwalimu wa hesabu na anapenda kitu kilichothibitishwa, alikwishakubali, wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 22 Desemba 1984, na Mungu akawajalia watoto watatu, binti aliyezaliwa mwaka 1987, ambaye ni fundi cherehani, mwana wa mwaka 1990, dereva wa lori, na kitinda mimba wa mwaka 1994, fundi umeme, pamoja na wajukuu watano.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo marehemu alisema lisirukwe. Jumanne tarehe 14 Aprili 1987, saa tatu na robo asubuhi, akiwa amesimama kwenye maji hadi magotini katika lile shimo la udongo la utotoni, aliona mmea mdogo wa majini, majani yake membamba kama uzi, na juu ya maji ua jeupe lisilozidi punje ya mchele, mmea ambao vitabu vyote vilisema unapatikana mkoa mmoja tu wa mbali, haujawahi kuonekana kwetu wala kwa jirani zetu. Aliutoa kwa mikono miwili, akaulaza kwenye gazeti, akachukua kalamu, na wakati huo shemeji yake, ndiye huyu anayewasomea, akatokea na baiskeli akitweta, akamwambia mke amepatwa na uchungu kabla ya wakati na hali si nzuri. Marehemu aliomba dakika mbili aandike. Shemeji akamjibu, tena kwa lugha ambayo haifai kurudiwa mbele ya jeneza, kwamba nyasi haina haraka, mke ana haraka. Marehemu alikunja gazeti, akalitia kwenye robota, akapanda nyuma ya baiskeli, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alinyanyua mguu bila lebo.

Binti alizaliwa saa sita kasorobo, mzima, ila mama yake alibaki wodini siku tisa kati ya uhai na kifo, na mumewe hakubanduka pale. Siku hizo tisa wenzake ofisini, kwa nia njema kabisa, walilikausha robota lake na kulipeleka makao makuu kwa gari la kila mwezi. Bahati mbaya gazeti lililofunga mmea ule lilikuwa la mkoa uleule wa mbali ambako mmea unajulikana, moja ya yale makuukuu ya posta. Mtaalamu Mkuu wa mimea wa huko akafungua, akakuta mmea hauna lebo, akasoma jina la gazeti, akaandika kwamba sampuli hii imetoka huko na imechanganywa na za mkoa wetu, ikiwa si kwa makusudi.

Maneno hayo manne, ikiwa si kwa makusudi, yalimuumiza kuliko ugonjwa uliomuua. Aliandika barua akaambatanisha lebo, akajibiwa kwamba lebo inayokuja nyuma ya sampuli si lebo, na hilo hakulipinga, kwa kuwa ndiyo kanuni aliyokuwa akiwafundisha wengine. Alikimbilia shimoni akachukue mmea mwingine, akakuta kiwanda kimekwisha kuyavuta maji kwa pampu, na kufikia Juni shimo lilikuwa limefukiwa kwa kifusi, juu yake ikajengwa stendi ya mabasi. Maji yakimwagika hayazoleki. Na makao makuu hawakuishia hapo, waliagiza kila rekodi mpya iliyoletwa na mkusanyaji huyo, ishirini na mbili kwa wakati ule, iwekewe alama ya kuuliza kwa penseli kwenye daftari la ghala, ikisubiri mtu mwingine aithibitishe.

Alifanya kazi miaka ishirini na mitano akipita mbele ya daftari lile. Aliendelea kukusanya, na baada ya hapo alipata rekodi nyingine thelathini na tisa ambazo hazikutiliwa shaka, kwa kuwa alikuwa akienda na shahidi, lakini zile ishirini na mbili hazikufutwa alama, na wageni walipouliza alama zile ni za nini, wenzake walitazama chini. Nyumbani hakulisema jambo hilo. Aliyelibeba ni binti yake, kwa sababu ndugu zake walimtania tangu utotoni kwamba yeye ndiye Mla Lebo, aliyezaliwa akaila lebo ya baba, naye alicheka nao, na alipokuwa peke yake hakucheka. Alijifunza kushona akiwa na miaka minane, akawa anamsaidia baba kushona sampuli siku za likizo, mishono midogo na safi kuliko ya mtu yeyote ghalani, na sisi watu wazima hatukujiuliza mtoto anashona nini hasa.

Marehemu alistaafu tarehe 31 Julai 2012. Mwaka 2017 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, na kuanzia Februari 2019 akawa anasafishwa damu hospitalini kila Jumanne na Ijumaa, akisukumwa na binti yake kwenye kiti cha magurudumu.

Januari 2021 stendi ilihamishwa, ikavunjwa, na mahali pake likachimbwa shimo la msingi wa ghorofa, refu kwenda chini kupita kifusi chote hadi kwenye udongo wa zamani wa matofali. Mkandarasi akasimamisha kazi, mvua zikanyesha, shimo likajaa maji na mbu, na mtaa mzima ukaandika barua ya kutaka livutwe maji na kufukiwa. Waliotia sahihi walikuwa themanini na watatu, na wa nne kwenye orodha alikuwa shemeji yake marehemu. Ndiyo, yuleyule wa baiskeli. Mtu akikosea mara moja ni bahati mbaya, akirudia tena anapewa kazi ya kusoma historia.

Tarehe 27 Machi binti, akipita na bunda la sare za shule kichwani, alitazama shimoni akaona majani membamba kama uzi. Alitua mzigo palepale kwenye tope. Mchoro wa majani yale alikuwa ameuona kwenye daftari la baba maisha yake yote, akaenda akamleta baba kwa kiti chake, na mzee alipoona akasema bila ua mmea hauwezi kutajwa jina, kwa sababu upo mmea mwingine wa kawaida wenye majani kama hayo, ua ndilo linaloitenganisha, na yeye hakubali kuaibika mara mbili kwa mmea mmoja. Mbegu zake, alitueleza, zinaweza kulala kwenye udongo mkavu kama mtu aliyejifunika blanketi, mpaka zisikie maji.

Pampu ilikuwa ije tarehe 29 Machi. Binti alizunguka nyumba kwa nyumba kwa wale themanini na watatu, akaanza na mjomba wake, ambaye aliona haya hata kumtazama, wakafuta sahihi zao mmoja mmoja, na msimamizi wa ujenzi, mtu mkali kweli, akakubali kusubiri siku kumi na moja, hadi Ijumaa tarehe 9 Aprili saa sita mchana, si dakika moja zaidi. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya tano vikatokea vitumba. Siku ya tisa bado vimefumba, mvua, mawingu, majirani wakaanza kuja kutazama kama wanaomwangalia mgonjwa, na mama muuza mkaa, aliyekuwa wa kwanza kutia sahihi kwa sababu ya mbu, akawa ndiye anayefukuza bata.

Ijumaa ya mwisho ilikuwa siku ya kusafishwa damu. Binti alikwenda kwa muuguzi wa zamu, akamweleza, na muuguzi akamwandika mzee saa tisa alasiri badala ya asubuhi, akasema asichelewe hata kidogo. Saa tatu mawingu yakaondoka. Saa nne na dakika kumi jua likagusa maji, kitumba kimoja kikafunguka, kikafuata cha pili, na cha tatu, hadi yakawa maua kumi na saba, meupe, kila moja punje ya mchele, na mzee akaomba kalamu. Binti akaingia majini na sare ya kazi, akautoa mmea kwa mikono miwili, akasimama. Watu waliokuwepo wanajua kilichofuata, hakuna aliyenyanyua mguu, mtaa mzima ulisimama kwenye tope mpaka lebo ilipokamilika, na ndipo shangwe ikapigwa, hata pampu ilipoanza kunguruma haikusikika. Hospitali walifika saa tisa kasoro dakika tano.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mtaalamu Mkuu, naye akiwa amestaafu na anatembelea mkongojo, alikuja mwenyewe tarehe 20 Aprili, akachukua donge la udongo wa zamani kutoka ukutani mwa shimo, chini ya kifusi, akaliweka kwenye beseni la maji, na tarehe 18 Mei mmea uleule ukaota mbele ya macho yake. Udongo ule ulifukiwa Juni 1987, hakuna mkono wa mtu ulioufikia tangu hapo. Akaomba apelekwe ghalani, akaomba daftari, akaomba raba. Marehemu alikuwa pale kwenye kiti chake. Mzee yule alizifuta alama za kuuliza moja baada ya nyingine, zote ishirini na mbili, akapuliza vumbi la raba, akageuka akamwomba msamaha mbele ya vijana wa kazi, na marehemu akamwambia kwamba hakuna haja, sampuli haikuwa na lebo, hata yeye angefanya vilevile, ila yale maneno manne asingeyaandika.

Rekodi ilichapishwa tarehe 2 Septemba 2022 katika jarida la wataalamu, ikiwa na ramani, na kwenye mkoa wetu ipo nukta. Jarida lililetwa kitandani kwake. Alivaa miwani, akaweka kidole juu ya nukta, akaacha kidole pale mpaka chakula kikapoa. Jumla ya rekodi zake mpya za mkoa ni sitini na mbili, na mkoa uliokuwa mweupe pe sasa umetapakaa nukta nyekundu.

Hali yake ilibadilika usiku wa kuamkia tarehe 10, na Jumapili tarehe 11 Septemba 2022, saa moja na nusu asubuhi, katika wodi namba nne, kitanda cha dirishani, mkewe na watoto wote watatu wakiwepo, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sabini, mwezi mmoja na siku nane. Analazwa leo, Alhamisi tarehe 15 Septemba, hatua tisini na tatu kutoka lango la makaburi, binti yake amezipima.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, na kwa namna ya pekee yule muuguzi wa zamu ya Ijumaa, inawashukuru wafanyakazi wa ghala la mimea, Mtaalamu Mkuu aliyesafiri umbali mrefu kuwa nasi, msimamizi wa ujenzi, mama muuza mkaa, na majirani wote themanini na watatu, waliotia sahihi na waliofuta.

Limebaki jambo moja. Jana jioni mtunza ghala alileta msibani ile karatasi yenye mmea wa mwaka 1987, ili familia iione kabla haijarudi kabatini. Hatukujua kwamba mwezi Juni mwaka jana marehemu aliruhusiwa hatimaye kuibandikia lebo, wala hakumwambia mtu alichoandika. Binti yake aliisoma akiwa amesimama, akakaa, na leo asubuhi ameomba isomwe hapa neno kwa neno.

Mmea wa majini. Shimo la udongo la kiwanda cha matofali, hatua mia mbili kutoka chumba alichozaliwa mkusanyaji. Jumanne, tarehe 14 Aprili 1987, saa tatu na robo asubuhi. Maji hadi magotini, ua moja limefunguka. Maelezo: lebo imechelewa, mkusanyaji aliitwa kumpokea binti yake. Akiitwa tena atakwenda tena, mmea usubiri.

Mzee Lebo, tarehe tumezisema, mahali tumepataja, na hakuna aliyenyanyua mguu kabla hatujamaliza. Pumzika kwa amani.